Barua ya chuo imeandika baki ni sifuri: nitie sahihi?

Kutoka: Mama Mapacha, Lowell

Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Kijana wangu mmoja amepata chuo cha binafsi hapa Marekani, jimbo la New Hampshire. Karo ya mwaka pamoja na bweni na chakula ni dola 42,300. Chini yake wameandika jumla ya msaada ni 42,300, baki 0. Baba yao ameshapiga simu Kisii kutangaza kwamba mtoto atasoma bure. Mimi roho haijatulia, kwa sababu kuna mstari unaosema Parent PLUS, 15,200, na hapo jina ni langu. Wanataka jibu na amana kabla ya tarehe 1 Mei. Pacha wake kapata UMass Lowell, chuo cha umma cha hapa kwetu Massachusetts, ila barua ya msaada haijafika. Hata huyu wa New Hampshire alikubaliwa hapo hapo Lowell, lakini hataki kusikia.

Kutoka: Mtayarisha kodi, Worcester

Mama Mapacha, usitie sahihi bado, na mzee apunguze simu.

Nimeiona picha ya barua uliyonitumia. Chukua kalamu, piga mstari chini ya pesa zisizorudishwa tu. Kuna ruzuku ya chuo 14,000 na Pell, ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, 5,200. Basi. Zawadi ni 19,200. Yaliyobaki yamewekwa safu moja na zawadi ili macho yapite haraka.

Mikopo miwili ya serikali, 3,500 na 2,000, iko kwa jina la mtoto. Wa kwanza serikali humbebea riba akiwa masomoni. Wa pili riba inaanza pesa zikishatoka tu. Hiyo 5,500 ndiyo kikomo cha mwaka wa kwanza kwa mtoto anayetegemea wazazi, na mimi sina ugomvi nayo sana. Work-study 2,400 ni kibarua: atasimama maktaba au jikoni na kulipwa kwa saa, kwa hiyo usiitegemee kwenye bili ya Agosti.

Sasa hiyo 15,200 ya Parent PLUS. Ni mkopo wa serikali kwa mzazi, deni lako wewe. Kwa mwaka wa masomo 2025–26 riba imewekwa asilimia 8.94, na wanakata zaidi ya asilimia 4 kabla pesa haijafika chuoni. Serikali haina utaratibu wa kulihamishia kwa mtoto, hata awe daktari. Zidisha kwa miaka minne: 60,800, na riba hujaihesabu. Kuanzia 1 Julai 2026 wameweka kikomo cha 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto. Watu wanafurahia kikomo hicho, lakini angalia, deni lako linapita chini yake vizuri kabisa.

Isitoshe una wawili. Zamani ukiwa na watoto wawili chuoni kwa wakati mmoja, mchango wa mzazi uligawanywa. Tangu FAFSA ya 2024–25, yaani fomu ya serikali ya kuombea msaada wa chuo, hakuna tena. Vyuo vingine bado husikiliza ukiwaandikia, lakini fomu yenyewe haikuonei huruma.

Subirini Lowell. Massachusetts ina ruzuku yake, MASSGrant Plus, na tangu 2023 imepanuliwa ili mwanafunzi mwenye Pell asibakiwe na karo wala ada za lazima kwenye vyuo vya umma. Akilala nyumbani, bweni nalo limeondoka.

Kutoka: Baba wa Nashua

Naongezea moja tu. Vijana wetu wanachagua chuo kwa sababu ya sweta yenye jina la chuo. Mwambie sweta inauzwa kwa mtu yeyote.

Kutoka: Mama Mapacha, Lowell

Nimecheka, ila sikumwonyesha.

Nina mawili. Kwanza, 2024 nilikuwa napiga shifti mbili mbili nesingi homu, ovataimu hadi Krismasi. Mwaka huu wamepunguza masaa, sifikishi hata arobaini kwa wiki. Pili, chama chetu cha akina mama, pesa ziko kwenye akaunti yangu kwa sababu mimi ndiye mweka hazina. Na kuna ploti Kitengela, Kenya. Hayo yote yanahesabiwa?

Kutoka: Mtayarisha kodi, Worcester

La kwanza ndilo lenye faida. Fomu ya 2026–27 inasoma ritani za kodi za 2024, kwa hiyo wanakuona bado uko kwenye shifti mbili. Andikia ofisi ya misaada ya kila chuo, omba wapitie upya kwa sababu kipato kimebadilika. Barua iwe fupi: ulipata kiasi gani 2024, unapata kiasi gani sasa, na tangu lini. Ambatisha hati za mshahara za karibuni na barua ya mwajiri inayotaja masaa. Usiwahadithie kuhusu pesa unazotuma nyumbani kila mwezi. Najua zinauma, mimi pia natuma, lakini kwenye fomu hazina kisanduku.

Ploti: nyumba unayoishi haihesabiwi, ila ardhi nyingine huhesabiwa, iwe Kitengela au Worcester. Kuna wanaosamehewa kutaja mali kabisa, mfano nyumba iliyopata SNAP (msaada wa chakula) au Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) ndani ya miaka miwili iliyopita, au yenye kipato chini ya 60,000 na ritani nyepesi. Wanaoendesha Uber wawe macho, maana faida ya biashara ikipita 10,000 msamaha huo wa pili unaondoka.

Chama: fomu inauliza salio la benki siku unayoijaza. Pesa za akina mama kumi na wawili zikikaa kwa jina lako, kwenye karatasi wewe ni tajiri. Fungueni akaunti ya chama. Hilo ningelisema hata kama hakuna mtoto anayekwenda chuo.

Kutoka: Shangazi, Portland, Maine

Jambo ndugu zangu. Sisi Wakongomani huku wengi bado tunangoja hukumu ya asylum, yaani hifadhi. Mpwa wangu anamaliza high school Juni. Shuleni wamemwambia ajaze FAFSA, mwingine anasema hana haki. Tushike lipi?

Kutoka: Mtayarisha kodi, Worcester

Shangazi, kungoja peke yake hakumpi msaada wa serikali kuu. Akishakubaliwa asylum, anaingia, sawa na mkimbizi aliyeletwa na mwenye green card. Wanachotazama ni karatasi za mwanafunzi. Mzazi asiye na namba ya Social Security hamzuii mtoto. Anafungua akaunti yake kwenye studentaid.gov bila namba hiyo. Kwa sasa mpeleke mpwa akaulize chuo cha jamii cha hapo kwenu kuhusu ruzuku zao wenyewe, na hukumu ikitoka katikati ya mwaka wa masomo, ajaze siku hiyo hiyo asingoje Septemba.

Kutoka: Mama Mapacha, Lowell

Barua nimezituma zote mbili leo asubuhi. Wa New Hampshire wamejibu wanataka hati za mshahara za wiki nane. Nimeomba pia waniongezee muda wa amana, wamenipa hadi tarehe 15 Mei. Lowell bado. Baba yao hajapiga simu ya pili Kisii.