Tupeane uzoefu: uliwahi kulipia ulinzi wa polisi kwenye biashara yako?

Mleta mada (Morogoro)
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la jumla la vinywaji. Sikukuu zikikaribia, wafanyabiashara wa mtaa wetu hukaa kikao cha ulinzi, na safari hii tumegawanyika vibaya. Wapo wanaotaka tuombe askari polisi wakeshe hapa kwa malipo. Wengine wamekataa kabisa: kodi tunalipa, iweje tulipe mara ya pili?

Msimamo wangu nauweka wazi. Ukitaka askari asimame mlangoni kwako, kwa saa unazozitaka wewe, lipa. Lipa kwa kumbukumbu namba ya serikali (control number) na upewe risiti ya serikali. Ila polisi kuja pale unapovamiwa, hapo isitoke hata shilingi. Watu wanayachanganya haya mawili na wanyonge ndio wanaoumia. Aliyewahi kulipa, kuombwa, au kushika lindo lenyewe atueleze. Vituo na majina tusitaje.

Wakala wa Mwanza
Mimi ni wakala wa pesa za simu na benki, Nyakato. Siku moja nafunga, wakaja wawili na pikipiki. Mmoja akapitisha mkono kwenye kidirisha, akavuta mkoba wa floti, yaani fedha za kuzungushia kazi, wakapotea. Nikapiga kituoni. Nikajibiwa difenda, gari la polisi, ipo ila mafuta hakuna, kama naweza nitume ya lita kumi. Nikatuma kwa namba ya yule yule aliyepokea simu. Wakaja, wakachukua maelezo, nikapewa RB, namba ya taarifa kituoni, basi.

Tangu hapo akawa anapita kila mwisho wa mwezi. Hashuki kwenye pikipiki, anapiga honi tu nami natoka na elfu kumi. Hakuna anayekesha hapa. Natoa kwa sababu nahofia siku nikipiga simu tena asije mtu. Mleta mada, hii nayo tuiite malipo ya ulinzi?

Mleta mada
Hapana, ndugu yangu. Hiyo ni rushwa, tena ya kumkamua mtu aliyeibiwa tayari. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Najua unaogopa, lakini muungane mawakala kadhaa wa hapo mkatoe taarifa pamoja.

Afande mstaafu
Nimelitumikia jeshi la polisi hadi kustaafu, na malindo ya benki nimeyashika sana, kwa hiyo niseme ninayoyajua. Benki kulindwa na polisi ni utaratibu wa siku zote na benki inalipa. Fedha hiyo haipaswi kupita mkononi mwa askari. Inaingia jeshini, kwenye mfuko tuliokuwa tukiuita wa tuzo na tozo, nawe askari unasubiri posho yako.

Watu wanaona tumekaa kwenye kiti cha plastiki na bunduki ya SMG mapajani wanadhani ni kazi nyepesi. Tarehe 23 Agosti 2016, kule Mbande, Mbagala, askari wanne waliuawa kwenye lindo la benki. Wavamizi waliwavizia wakati wa kubadilishana lindo, wakaondoka na silaha. Agosti 2021, Dar es Salaam, karibu na ubalozi wa Ufaransa, wakafa polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi. Kwa mhalifu anayetafuta bunduki, askari aliyekaa pale pale kila siku, mwenye saa za kubadilishana zinazojulikana, ndiye shabaha. Mfanyabiashara anayeomba polisi ajue hilo. Unaomba mtu na silaha yake, na familia yake iko nyumbani inamsubiri.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Kituo kidogo kina askari wachache. Ukipeleka wanne benki na wawili kwenye ghala la tajiri, doria ya mtaani usiku huo nani anaifanya? Nimeona usiku ambao kituoni tumebaki wa kaunta na wa mahabusu tu, na simu inaita.

Mama Duka wa Mabibo
Shikamoo baba. Hapo kwenye doria umesema kweli tupu. Sisi wa genge na duka dogo hatuna uwezo wa kumlipa polisi, tuna ulinzi shirikishi. Kila duka elfu tano kwa mwezi, vijana wana filimbi na tochi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anawajua kwa sura. Vibaka wamepungua. Ila wakija wenye bunduki, filimbi itawafanya nini? Hapo tunamtegemea polisi. Akiwa amekodishwa kwingine, sisi ndio tumeachwa.

Mombasa Kwetu
Huku Kenya sheria ya polisi ya 2011 inamruhusu Inspekta Jenerali kutoa maafisa kwa kazi ya mtu binafsi, na anayeomba analipa. Ukiingia benki utaona askari wa AP (polisi wa utawala) na bunduki, na kando yake soja wa kampuni ana rungu na kigunduzi cha chuma tu, maana walinzi wa kampuni hawabebi bunduki. Nilifanya kazi kwenye benki moja mjini. Siku ambayo AP hakutokea, meneja alikataa kabisa kufungua mlango. Wateja walipiga foleni hadi barabarani, wengine wazee waliokuja kuchukua pesheni. Lakini ukienda kuripoti duka limevunjwa, unapewa namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, na kuambiwa gari halina mafuta. Hilo la mafuta halina mpaka wa nchi, ndugu zangu.

Mpiga Boksi, Leeds
Huku Uingereza jambo hili lilifika mahakamani kwa sababu ya mpira. Klabu hulipia polisi wanaofanya kazi uwanjani kwake siku ya mechi. Polisi wa West Yorkshire wakawa wanaitoza Leeds United hata askari wa mitaa inayozunguka uwanja. Klabu ikashtaki, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikaipa haki: barabara ya umma ni wajibu wa polisi kwa wote. Mwaka 2017 Ipswich Town nao wakashinda kesi ya namna hiyo hiyo. Mleta mada, mstari wako ndio huo: ndani ya geti lako, lipa, nje ni kwa wote.

Mleta mada
Asante sana mkuu, hii nitaisoma kikaoni. Afande, tukikubaliana kuomba, tunaanzia wapi?

Afande mstaafu
Andikeni barua kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, mkipitia serikali ya mtaa. Tajeni eneo, tarehe na saa. Msitaje jina la askari mnayemtaka, huo ndio mlango wa mazoea. Mkiambiwa kiasi, ombeni kwa maandishi na kumbukumbu namba ya kulipia. Mtu akiwapa namba yake ya simu, msilipe. Na kwenye barua hiyo hiyo ombeni doria ya kawaida ipite mtaa mzima, hadi kwa wauza genge. Hiyo hailipiwi, nanyi mna haki ya kuidai.

Wakala wa Mwanza
Nimeongea na wenzangu watatu. Wawili wanatoa kwa mtu yule yule. Jumatatu tunaipiga 113.