Mama haamini kama ametibiwa mpaka achomwe sindano, nyie mnafanyaje na wazee wenu?

binti_muheza:
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Naombeni ushauri maana mimi na wadogo zangu tumeshindwa. Mama yetu akipata homa tu kwake hiyo ni malaria. Juzi nimempeleka zahanati wakamtoboa kidole kwa kile kipimo cha haraka, malaria hamna, dokta akampa panadol na kumwambia homa isiposhuka arudi. Alitoka pale kanuna, njia nzima "asubuhi yote nimekaa foleni naambulia panadol", jioni nasikia kamtuma mjukuu duka la dawa akaulize kama kuna mtu wa kumchoma sindano. Sasa mjomba, mdogo wake wa tumbo moja, ye sindano hataki hata kuisikia, na ukimpa vidonge anasoma kile kikaratasi cha ndani mpaka mwisho, kila madhara yaliyoandikwa lazima ayasikie mwilini. Watu wamelelewa nyumba moja, inakuwaje? Na naongea nao vipi wasione nawadharau?

tabibu_wa_zamu:
Marahaba binti. Kwanza usimwone mama mbishi, watu wa umri wake wameona mengi. Klorokwini ilikuwa dawa ya malaria Tanzania nzima, baadaye vimelea vikaizoea, mtu anameza dozi yote na homa iko palepale, na ilikuwa inawasha mwili mzima mpaka watu wakawa wanaikimbia. 2001 ikaondolewa ikaja SP, vidonge vingine vya malaria, nayo ikachoka, 2006 ndo tukahamia mseto, dawa mbili kwenye kidonge kimoja. Miaka yote hiyo aliyezidiwa alikuwa anawekewa dripu ya kwinini na wengi waliinuka kitandani wakiwa wanaiona ile chupa inaning'inia, kwa hiyo kichwani mwake vidonge vilishindwa, sindano na dripu ndo viliponya. Leo sindano ya malaria ni ya aliyezidiwa, asiyeweza kumeza au amepoteza fahamu, na hata huyo akizinduka anamalizia na mseto. Wa kawaida mseto unamtosha, mtu mzima vidonge 4 asubuhi na 4 jioni siku 3, ameze na chakula chenye mafuta au maziwa. Ila kama kipimo kimesema hamna hata huo mseto hauhitaji, homa ina sababu nyingi.

Muulize taratibu, mara ya mwisho kuumwa sana alitibiwaje. Halafu nyamaza umsikilize. Usianze na "mama siku hizi mambo yamebadilika" hapo unakuwa umeshampoteza.

famasi_ya_kona:
Mimi nauza dawa, wa aina ya mjomba nawaona kila siku. Nilichojifunza ni kwamba wapo wanaotaka waelezwe kila kitu ndo watulie, na wapo ambao ukiwaelezea sana unawatia hofu, mtu mwenye wasiwasi kwa asili ukimsomea madhara kumi kesho anarudi nayo yote kumi na sio kwamba anadanganya, anayasikia kweli. Uingereza kuna utafiti ulitoka 2020, walichukua watu 60 walioacha statini, zile dawa za kushusha lehemu, kwa sababu ya madhara waliyoyasikia, miezi mingine wakapewa dawa yenyewe, mingine vidonge visivyo na dawa, mingine hawapewi kitu. Asilimia 90 ya usumbufu waliousikia kwenye dawa waliusikia pia kwenye vidonge vitupu!! Mjomba mwambie yale mawili matatu ya kweli, na lipi likitokea akimbilie hospitali, basi.

baba_kidawa:
Hapo kwa mjomba tusikimbilie kusema ni hofu tu jamani. Mtaani kwetu kulikuwa na mtoto alichomwa kwinini kwenye tako ikagusa mshipa wa fahamu, mguu ukalegea, kakua anachechemea mpaka leo na kila mzazi pale alikuwa anamjua. Ukikulia jirani na jambo kama hilo sindano utaiogopa hata uwe jasiri vipi. Muulizeni aliona nini utotoni kabla ya kumwita mwoga.

binti_muheza:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemuuliza mama jana tukiwa tunachambua mchicha. Kumbe kaka yangu mkubwa alishikwa na degedege akiwa mdogo, alikuwa anamalizia dozi ya klorokwini, wakambeba usiku kwa baiskeli hadi hospitali, akawekewa kwinini asubuhi akaomba uji. Anavyoelezea ule uji mpaka bakuli analikumbuka!! Sikuwahi kuisikia hii habari. Nikamwambia mama sindano ya malaria ipo bado na akizidiwa atachomwa, hakuna anayemnyima, akaniuliza "una uhakika?" nikamwambia kesho twende ukamuulize dokta mwenyewe, kakubali. Homa imeshuka ila bado anachoka. @tabibu_wa_zamu nimwombe dokta ampime nini kingine, mkojo au presha?

tabibu_wa_zamu:
Vyote viwili, na sukari pia kwa umri wake. Na hiyo habari ya kaka mwache aisimulie yeye mwenyewe kwa dokta, usimsemee.