Je, asiyezitambua hisia zake hushikwa zaidi na sigara?

Swali
Ndugu zangu, nawasalimu. Mume wangu ana umri wa miaka 42, na mara tatu ameacha sigara kisha akairudia. Juzi tulitofautiana kuhusu ada ya mtoto. Kabla sijamaliza kusema alikwisha kufika kibarazani, njiti ya kiberiti ikimtetemeka mkononi. Nilipomuuliza anajisikiaje, alijibu, "Nataka sigara tu." Je, kinachomfunga ni kushindwa kuzitaja hisia zake, au ni mwili unaodai nikotini?

Jibu la kwanza
Pole, dada. Ni vyote viwili, na kimoja hukilisha kingine. Akili hisia, kama walivyoieleza wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer mwaka 1990, ni uwezo wa kuzitambua hisia, zako na za wenzako, na kuziongoza. Nikotini nayo hufika ubongoni sekunde chache tu baada ya kuvuta, na katika saa 2 hivi nusu yake huwa imekwisha kutoka damuni, ndipo mvutaji hushikwa na wasiwasi na hasira hata kama hakuna aliyemuudhi. Asiyezoea kuzichambua hisia zake huiita hali hiyo "mawazo", akaamini kwamba sigara inamtuliza, kumbe kwa sehemu kubwa inamwondolea arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa nikotini, iliyoletwa na sigara iliyotangulia.

Jibu la pili
Naomba tusimhukumu shemeji yetu kwa tabia peke yake. Muulize kwa upole huvuta sigara ya kwanza dakika ngapi baada ya kuamka. Katika kipimo cha Fagerström, yaani maswali ya kupima jinsi mtu alivyotawaliwa na nikotini, ambacho alama zake huishia 10, anayevuta ndani ya dakika 5 hupata alama 3 kwa swali hilo moja. Mtu wa namna hiyo haitoshi kumwambia ajikaze. Anahitaji mhudumu wa afya, na pengine viraka vya nikotini, vile vya kubandika kwenye ngozi ili mwili upate nikotini kidogo kidogo bila sigara.

Jibu la tatu
Mimi niliacha kwa viraka na kidaftari cha mfukoni. Kila hamu ilipopanda niliandika kwanza neno moja: njaa, uchovu, upweke. Neno lililojirudia zaidi lilikuwa aibu, nami kwa miaka yote nilidhani ni hasira. Viraka vilinipunguzia makali ya mwili, lakini aibu ile nililazimika kuizungumza na mke wangu.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nimemuuliza asubuhi hii. Amenyamaza kidogo, kisha akasema huivuta kabla hajanawa uso, na kwamba siku ile ya ada aliona aibu kwa kuwa hakuwa na fedha.