Wadudu hawa kwenye figiri ni nzi au nyigu?

Ndugu wakulima, bustanini kwangu katika bonde la mto Luiche, karibu na Ujiji, ninaona wadudu wadogo wenye tumbo la rangi ya chungwa na kichwa cheusi. Majirani wengine wanawaita nzi, wengine nyigu. Nitawatambuaje?

Jibu: Ndugu, hesabu mabawa kwanza. Nzi ana mawili tu. Huyo akiwa na manne, si nzi. Kisha tazama kiuno: cha nyigu kimebanwa kama kilichofungwa uzi, ilhali cha huyu ni kipana. Ninamdhania wa jenasi ya Athalia, yaani kundi la wadudu walio jamaa ya nyigu lakini si nyigu wenyewe, ambaye jike lake halina mwiba wa kuuma bali kijisumeno cha kupasulia jani ili litage mayai humo.

Jibu: Naongezea kuhusu watoto wao, ambao ndio walaji wenyewe wa majani. Viwavi wa vipepeo na nondo wana miguu bandia ya tumboni isiyozidi jozi 5, lakini hawa wana 6 au zaidi. Kwa hiyo hawa si viwavi wa vipepeo wala nondo, na dawa iliyotengenezwa kwa bakteria inayouzwa kwa ajili ya viwavi wa kabichi haiwaui.

Muuliza swali: Ahsanteni. Nimemnasa mmoja kwenye chupa: mabawa manne, kiuno hana.