Mrejesho: Jina la ukoo Washington

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama jina la ukoo Washington lilizaliwa Marekani. Sivyo: lilitoka Washington, kilichokuwa kijiji cha Durham, kaskazini mwa Uingereza. Karne ya 12 William de Hertburn alihamia huko, akaliacha jina la Hertburn na kuitwa kwa makazi mapya. Enzi hizo jina lilifuata ardhi.

John Washington, baba wa babu yake rais George Washington, alivuka kwenda Virginia miaka ya 1650. Leo wengi wenye jina hili Marekani ni weusi, ambao mababu zao wengi walijichagulia jina hili baada ya utumwa, hivyo msilichukue peke yake kama uthibitisho wa undugu na John.

Mkitafuta, jaribuni pia tahajia ya zamani Wessyngton, na msichanganye na Washington ya Sussex, kijiji kingine kusini mwa Uingereza. Rejista za parokia (za ubatizo, ndoa na maziko) Uingereza zilianza 1538. Kabla ya hapo shikeni hati za ardhi.