Naomba ushauri: barabara ya mbele ya shule inatutia hofu

Ndugu zangu, habari zenu. Mwanangu yuko darasa la pili, na lango la shule yao linatazamana na barabara kuu. Alama za pundamilia zipo, lakini zimefutika, na madereva hawapunguzi mwendo hata wakiona sare za shule. Wiki iliyopita pikipiki ilimkosa mtoto kidogo tu. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Nimesoma kwamba Azimio la Stockholm la mwaka 2020, tamko la kimataifa kuhusu usalama barabarani, linataka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale watoto na magari wanapochanganyika. Hapo kwetu magari yanapita kama mshale. Kibao peke yake sidhani kitasaidia; dereva mwenye haraka hulitii tuta, si maandishi.

Wazazi wengine wanapendekeza tujitolee kwa zamu kuwavusha watoto. Je, tunahitaji kibali na mafunzo? Na ombi la matuta na kivuko kilichoinuliwa liandikwe na wazazi au na uongozi wa shule? Waliofanikiwa, mlianzia wapi, na mliambatanisha ushahidi gani?