Kamera nane za duka na ghala Mwanza: koaksia na DVR, au kamera za IP na NVR?

Pembejeo_Mza
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la pembejeo na ghala lake hapa Mwanza, na baada ya mifuko ya mbolea kupotea mara tatu bila mlango kuvunjwa nimeamua kufunga kamera nane. Mafundi wawili wameniletea mapendekezo yanayopingana. Wa kwanza anataka kufunga kamera za analogia za HD, ambazo picha zake hupita kwenye waya wa koaksia (kama ule wa antena ya televisheni) hadi kwenye DVR, yaani kinasa chake. Wa pili anasema hizo zimepitwa na wakati, na kwamba nifunge kamera za IP pamoja na swichi ya PoE, inayopeleka umeme na data kwa waya mmoja, na NVR, yaani kinasa cha kamera za IP, ingawa bei yake inaizidi ya mwenzake kwa karibu nusu. Kinachonitia hofu kwenye za IP ni intaneti, kwa sababu dukani natumia rauta ya laini ya simu, na kamera nane zikila bando usiku na mchana faida yote itaishia kwenye vifurushi. Naomba ulinganisho kwa waliotumia aina zote mbili. Ijumaa natakiwa kutoa malipo ya awali.

Waya_na_Nguzo
Ndugu, umetaja bei na idadi, lakini yanayoamua jambo lenyewe hujayataja. Duka na ghala ni jengo moja au mawili, na kama ni mawili, umbali ni mita ngapi? Kuna waya wowote uliokwisha kupitishwa ukutani? Unataka kujua tu kwamba mtu amepita, au unataka sura yake itambulike bila ubishi? Picha zikae siku ngapi kabla ya kufutwa? Bila majibu hayo, kila atakayekushauri hapa atakuwa anakueleza kilichomfaa yeye.

Mtandao_wa_Ndani
Wakati tunasubiri majibu hayo, naomba niiondoe hofu ya bando, kwa sababu naikuta kwa wateja karibu kila wiki na chanzo chake ni neno letu wenyewe. Kwa Kiswahili tunasema "mtandao" tukimaanisha intaneti, na tunasema "mtandao" tukimaanisha vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya ndani ya chumba kimoja. Fundi akitamka "kamera za mtandao", mteja anasikia vifurushi. Ukweli ni kwamba IP ni kanuni ya mawasiliano tu: kamera inapewa anwani yake, inatuma picha kwenye swichi, na swichi inazifikisha kwenye NVR. Safari hiyo yote iko ndani ya ukuta wako, na ukiizima rauta kabisa kamera zitaendelea kurekodi. Data hutumika pale unapofungua programu kwenye simu ukiwa mbali, na hapo DVR nayo hutumia vilevile. Ukiwa safarini tazama mkondo mdogo, yaani nakala ya picha yenye ubora wa chini ambayo kamera huitoa sambamba na ile kubwa, na matumizi yatapungua sana.

Pembejeo_Mza
Nashukuru sana, hilo sikuwahi kuelezwa. Majengo ni mawili, ghala liko nyuma ya duka, nakadiria mita 60 au 70. Ukutani dukani kuna koaksia alizoziacha mpangaji aliyenitangulia, hali yake siijui. Sura nataka zitambulike, hasa langoni, na picha zikae mwezi mzima. Ila nimezidi kuchanganyikiwa: fundi wa kwanza anasema kamera zake nazo ni IP, na kweli karatasi yake imeandikwa IP67.

Mtandao_wa_Ndani
Hiyo ni IP nyingine kabisa, na mafundi wanapaswa kuwaeleza wateja tofauti hii kabla hawajaulizwa. IP67 ni kipimo cha ganda la kamera: tarakimu ya kwanza, 6, inamaanisha vumbi haliingii, na ya pili, 7, inamaanisha linastahimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Kamera ya analogia inaweza kuwa na IP67, na kamera ya IP inaweza kuikosa. Muulize hivi: "Picha inatoka kwenye kamera kwa koaksia au kwa waya wa mtandao wa ndani?"

Waya_na_Nguzo
Sasa tuna pa kuanzia. Kamera moja ikirekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde mfululizo hujaza takriban GB 43 kwa siku. Nane ni kama GB 346, na kwa siku 30 zinapita TB 10. Ukitumia mfinyazo (njia ya kubana picha zichukue nafasi ndogo) wa H.265 badala ya ule wa zamani wa H.264 unaweza kukaribia nusu ya hapo, na kurekodi panapokuwa na mwendo tu kutapunguza zaidi. Mwulize kila fundi ameweka diski ya ukubwa gani, maana diski ya TB 1 kwa kurekodi mfululizo kiasi hicho haifiki hata siku tatu.

Kuhusu sura, kiwango cha Ulaya cha kamera za ulinzi, EN 62676-4, katika toleo la 2015 kilitaka pikseli 250 kwa kila mita ya upana ili mtu usiyemfahamu atambulike. Kamera ya 1080p ina pikseli 1920 kwa upana, kwa hiyo inatosha upana usiozidi mita 7.7, ya megapikseli 4 yenye pikseli 2560 inafika mita 10 na kidogo. Wafungaji wengi hupenda lenzi ya milimita 2.8 kwa sababu inaonyesha uwanja wote, na mteja akiitazama kwenye skrini anaridhika. Lakini mtu akisimama mita 10 kutoka hapo, lenzi hiyo inatazama upana wa zaidi ya mita 20, na kwa kamera ya 1080p kila mita inabaki na pikseli chini ya 100. Siku ya wizi utaona kofia na shati. Langoni weka lenzi ndefu zaidi, milimita 6 au zaidi, iangalie lango peke yake.

Bahari_Tanga
Hesabu ni nzuri, lakini mimi nabaki na koaksia, na nina sababu. Koaksia aina ya RG59 ya shaba halisi inabeba picha ya HD mita 200 na zaidi bila kifaa cha katikati, ilhali waya wa mtandao unaishia mita 100. Hakuna anwani za kugongana, na kamera ikifa fundi yeyote anaibadilisha kwa dakika 10. Tena waya wa bure tayari uko ukutani. Zaidi ya yote, hakuna mtu wa mbali atakayeivamia kamera ya analogia.

Mtandao_wa_Ndani
Kamera yenyewe hataivamia, hapo tunakubaliana, lakini DVR yako ikiunganishwa na intaneti ina mlango sawa na NVR. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka vifaa vingi sana, kamera za IP na DVR kwa pamoja, kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, na watu wengi wakashindwa kuzifikia tovuti kama Twitter. Badilisha nywila siku ya kwanza, na usikubali fundi akufungulie milango ya rauta kuelekea nje.

Bahari_Tanga
Nakubali kuhusu nywila. Kuhusu waya sijabadilisha msimamo.

MamaLoji_Bukoba
Nimesoma yote na naona jambo zito zaidi limepitwa, nalo ni majengo mawili. Mimi nina nyumba ya wageni Bukoba, na nilifunga kamera sita za IP, mbili zikiwa kwenye jengo la nyuma. Mchana zilikuwa safi. Usiku, taa za infraredi zilipowaka, zile mbili za nyuma zilizima, zikarudi, zikazima tena hadi alfajiri. Fundi alibadilisha kamera, akabadilisha swichi, akanilipisha mara mbili. Mwishowe kijana mmoja alikwangua waya kwa kisu mbele yangu: nje rangi ya shaba, ndani nyeupe. Ulikuwa waya wa alumini uliopakwa shaba, tena ulivutwa kupita mita 100, na usiku kamera zilipohitaji nguvu zaidi umeme ulikuwa umepotelea njiani.

Tulivuta waya mpya wa shaba, wa njia fupi, nikadhani nimepumzika. Wakati wa masika radi ilipiga jirani, haikugusa nyumba yangu hata kidogo, lakini ule waya uliopita hewani kati ya majengo ulileta kishindo chote ndani. Swichi iliungua, NVR iliungua, na kamera tatu pia, siku ambayo wageni walikuwa wamejaa. Sisi wa Ziwa Victoria tunaijua radi yetu. Sasa nimeweka faiba kati ya majengo, na kila jengo lina swichi yake na umeme wake. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Na kaka wa Tanga, koaksia ni shaba pia. Radi haiulizi picha ni ya analogia au ya IP.

Bahari_Tanga
Pole sana mama. Kwa majengo mawili hoja yako ina uzito, nami ningeweka angalau kinga za radi pande zote mbili.

Waya_na_Nguzo
Kinga bila waya wa ardhi ulio sawa ni pambo. Pembejeo_Mza, tafadhali pima umbali kwa futi ya kamba, usikadirie.

Stoo_Moro
Niongeze kwamba DVR nyingi za sasa hupokea koaksia na kamera chache za IP kwa pamoja, kwa hiyo si lazima achague upande mmoja. Ahakikishe tu kamera na kinasa vina ONVIF, yaani kanuni ya pamoja ya vifaa vya chapa tofauti kuelewana, ikiwezekana Profile T kwa ajili ya H.265, asije akafungwa na chapa moja. Pia awajulishe wafanyakazi na kubandika tangazo, kwani tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Pembejeo_Mza
Nimepima leo asubuhi. Kutoka kaunta hadi kona ya ghala ni mita 94, kabla ya kuhesabu kupanda ukuta na kushuka. Nimekwangua pia kipande cha waya alichoniachia fundi wa pili kama mfano, na ndani ni nyeupe. Fundi wa kwanza hajui kuunga faiba. Nimewaomba wote wawili waandike upya mapendekezo yao, na malipo ya Ijumaa nimeyasogeza. Je, kuna mwanajukwaa aliyewahi kuunga faiba hapa Mwanza kwa umbali mdogo kama huu, na alitumia ya kupita chini ya ardhi au ya juu?